Macho Mekundu Si Uchawi

Je, umewahi kumwona bibi kizee mwenye macho mekundu? Watu walisema nini juu yake? Leo tujifunze macho hayo yanatoka wapi.

Huku kwetu Didia kuni ni shida. Kuni zikikosekana, akina mama hupikia miti mikavu ya pamba, mabua, au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Vitu hivyo hutoa moshi mwingi. Jikoni hamna dirisha.

Tufanye hesabu. Bibi ana miaka 70. Alianza kupika akiwa na miaka 10. Basi amepika miaka 60. Kama alipika mara mbili kwa siku, ameingia katika moshi zaidi ya mara 43,000. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya kutupikia sisi.

Moshi huwasha macho. Huingia pia kifuani ukaleta kikohozi. Mtoto anayebebwa mgongoni jikoni huweza kupata homa ya mapafu.

Sababu nyingine ni ugonjwa wa vikope. Huenezwa na nzi, mikono michafu, na kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watu wengi. Kope hugeukia ndani, hukwaruza jicho, na mwisho mtu huwa kipofu.

Lakini kuna dhara jingine lisiloonekana. Mtoto akifa kwa malaria, mpiga ramli husema, "Ni bibi mwenye macho mekundu." Pengine kuna mtu anayelitamani shamba lake. Bibi huyo hutengwa. Watoto hukatazwa kula kwake. Usiku mbwa akibweka, hutetemeka. Hapati usingizi, hali chakula, anakonda. Maneno yamemwumiza kabla ya panga. Na panga limekuja kweli: katika mkoa wa Shinyanga na mikoa ya jirani wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa kusingiziwa hivyo.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumsingizia mtu uchawi. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Tufanye nini?

1. Toboa dirisha jikoni. Jenga jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi.
2. Kausha kuni vizuri. Panda miti.
3. Nawa uso kila siku. Chimba choo na ukitumie.
4. Mwenye macho mabaya apelekwe zahanati mapema. Asitiwe dawa ya majani machoni.
5. Mtoto akiugua, mpeleke zahanati, si kwa mpiga ramli.
6. Ukisikia mzee anatishwa, mwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi upesi. Nenda ukaketi naye, ule naye chakula.

Maswali ya kujadili

1. Jikoni kwako moshi unatokea wapi?
2. Ni nani kijijini anaogopa kulala usiku kwa sababu ya maneno ya watu?
3. Wewe utamsaidiaje?