SOMO LA WANACHAMA: KILA MJUMBE APATE NENO



Leo tunajifunza namna ya kuzungumza mkutanoni ili kiziwi, asiyeona na asiyeweza kutembea nao wapate neno. Tuanze na kosa letu wenyewe.

Tuliitisha mkutano Juru, katika makazi ya Nakivale, juu ya ujira wa vibarua wa mashambani. Mwenzetu mmoja masikio yake yaliharibiwa na kelele za mashine ya kusaga. Msemaji wetu aliupa mkutano mgongo, akawa anasema huku akiandika ubaoni. Tukapiga kura: Jumatatu hakuna kushika jembe mpaka tuonane na msimamizi. Mwenzetu aliona mikono imeinuka, naye akainua wake. Jumatatu akaenda shambani peke yake, na wengine wakamwita msaliti. Hakusaliti. Sisi ndio tuliomwacha nje ya mkutano, naye amekaa ndani.

Ndugu, hili si jambo la huruma. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 35, yasema walemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao. Mwaka 1996 Ndugu Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni Kampala, akashiriki mijadala kwa msaada wa mkalimani wa lugha ya alama. Ikiwa Bunge limeweza, tawi letu litashindwaje?

Basi tushike haya:

1. Kabla ya mkutano, katibu aulize kila mjumbe anahitaji nini. Asikisie.

2. Mahali pawe tambarare, pasipo ngazi wala matope. Anayetumia magongo au kiti cha magurudumu asikae nyuma.

3. Msemaji autazame mkutano, mwanga umpige usoni, asizibe mdomo. Wapo wanaosoma midomo. Mkalimani wa alama asimame karibu naye.

4. Kilichoandikwa ubaoni kisomwe chote kwa sauti. Kusema “tazameni hapa” hakumsaidii asiyeona. Picha nayo ielezwe kwa maneno.

5. Herufi ziwe kubwa, maneno yawe machache.

6. Aseme mmoja mmoja, tena polepole. Juru kuna wasemaji wa Kiswahili, Kinyarwanda na Kinyankole. Wakalimani wote wapewe nafasi ya kumaliza.

7. Kabla ya kura, hoja irudiwe, na kila mmoja athibitishe kwamba ameielewa.

Mengi ya haya hayana gharama. Tena tukumbuke: viwandani Mbarara na mashambani Isingiro, mashine na panga havichagui. Mzima wa leo aweza kuwa kiziwi wa kesho, na ndipo atakapouhitaji umoja wake zaidi.

Maswali ya kujadiliana tawini:

(a) Ni nani katika tawi letu ameacha kuja mikutanoni, na kwa sababu gani?

(b) Kura yetu ya mwisho, je, wote waliielewa?

Umoja ni nguvu, lakini ni umoja wa waliosikilizana.