Buddha na Kuketi Kimya kwa Watu wa Zeni

Katika nchi ya shaba, tangu Kolwezi hata Likasi, watu wa mataifa mengi wamepita. Wazee waliwajua Wabelgiji wa Union Minière. Mwaka 1972 Wajapani walianza kutoa shaba Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia. Na tangu mapatano ya mwaka 2008 kati ya serikali ya Kongo na makampuni ya China, Wachina wameongezeka sana katika migodi ya Kolwezi. Wengi wao hawataji dini yoyote. Walakini China na Japani ni nchi ambamo mafundisho ya Buddha yameingia tangu kale katika desturi za watu, katika mazishi yao, hata katika namna yao ya kunywa chai. Basi si ajabu mkatekumeni akiuliza: Huyo Buddha ni nani? Ni mungu wao? Na wale waketio mbele ya ukuta pasipo kusema neno, wanamwomba nani?

Buddha si mungu. Maana ya jina hilo ni “aliyeamka”, kama mtu aamkavyo usingizini. Aliyeitwa hivyo alikuwa mtu, Siddhartha Gautama, aliyezaliwa Lumbini, katika nchi iitwayo leo Nepal, yapata miaka mia nne au mia tano kabla ya Kristu. Wafuasi wake husimulia ya kuwa alikuwa mwana wa mtawala, akalelewa katika raha, hata siku ile alipotoka nje akaona mzee, na mgonjwa, na maiti, na mwisho mtawa asiye na mali. Hapo moyo wake ukafadhaika. Akaacha jumba, akaacha mke na mtoto mchanga, akaenda porini. Miaka sita alijitesa kwa njaa, akaona ya kuwa njaa haimpi hekima, kama vile shibe haikumpa. Ndipo alipoketi chini ya mti mahali paitwapo Bodh Gaya, katika India, na hapo, wasema, aliamka. Alifundisha mpaka alipokufa, akiwa na umri wa miaka 80.

Alifundisha nini? Kwanza, ya kuwa maisha yamejaa mateso: kuzaliwa, kuugua, kuzeeka, kufa, kutengwa na wapendwa. Pili, ya kuwa mateso yana chanzo, nacho ni tamaa ya moyo unaoshika vitu visivyodumu. Tatu, ya kuwa tamaa hiyo yaweza kukoma. Nne, ya kuwa iko njia ya kuikomesha, yenye sehemu nane: kuona kwa haki, kunuia kwa haki, kusema kwa haki, kutenda kwa haki, kujipatia riziki kwa haki, bidii, uangalifu na utulivu wa moyo.

Watu wa Kolwezi hawahitaji kwenda mbali ili kuyafahamu maneno haya. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo. Watu walivunja sakafu za vyumba vyao wenyewe, mashimo yakashuka mahali palipokuwa na vitanda, na wengine walifia humo. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, wakazi wake wakahamishwa. Aliyepata gunia moja alihesabu la pili. Aliyeupata mshipa wa madini alilala macho wazi kwa kumwogopa jirani. Hiyo ndiyo tamaa aliyoisema Buddha.

Lakini neno la haki lisemwe hapa. Baba anayeshuka shimoni kwa sababu watoto wake hawakula tangu jana hatafuti anasa. Njaa si tamaa, na mtu aliyeshiba amwambiaye mchimbaji apunguze tamaa amesahau nusu ya mafundisho. Wabuddha wenyewe hulijua jambo hili. Husimuliwa ya kuwa siku moja mkulima maskini alipotelewa na ng'ombe wake, akamtafuta asubuhi yote, akafika kumsikiliza Buddha akiwa na njaa. Buddha hakuanza kufundisha. Aliamuru mtu huyo apewe chakula kwanza. Alipokwisha kula, ndipo akasema.

Baada ya karne nyingi mafundisho hayo yalifika China, na huko likatokea tawi moja lililotilia mkazo kuketi na kutafakari kuliko kusoma vitabu. Wachina huliita Chan; Wajapani huliita Zeni. Mtawa Dogen, aliyezaliwa mwaka 1200, alisafiri kwenda China mwaka 1223, akarudi Japani mwaka 1227 akiwafundisha watu kuketi.

Kuketi kwenyewe, kuitwako zazeni, hufanyika hivi. Mtu hukaa juu ya mto mdogo wa duara, miguu imekunjwa, magoti yamegusa chini. Mgongo huwa wima. Mkono mmoja huwekwa juu ya mwingine, na ncha za vidole gumba hugusana kidogo. Macho hayafumbwi kabisa, bali hutazama chini. Anayeanza huhesabu pumzi zake tangu moja hata kumi, kisha huanza tena. Wazo likija, hafukuzani nalo wala halikaribishi. Huliacha lipite, akarudi kwenye pumzi. Jambo hili huonekana jepesi kwa anayelisikia tu. Anayejaribu huona ya kuwa hata kufika kumi pasipo moyo kukimbilia sokoni ni kazi. Kengele ikilia, wote huinuka, hutembea polepole, kisha huketi tena. Pengine huendelea hivyo kwa siku kadhaa, kimya tangu asubuhi hata usiku.

Walimu wengine humpa mwanafunzi fumbo la kukaa nalo. Fumbo hilo si kama kitendawili cha jioni karibu na moto, ambacho mtoto hodari hukitegua na wote wakacheka. Jibu lake halimo katika maneno. Mwanafunzi hulichukua miezi, hata miaka, mpaka akili yake ichoke kujisifu.

Je, hayo ni kuabudu sanamu? Hapana. Katika zazeni mtu hamwombi Buddha. Lakini pia hamwombi Mungu, na hapo ndipo njia zinapoachana. Buddha hakufundisha habari za Muumba. Mkristu aketipo kimya huamini ya kuwa yuko Mmoja anayemsikia, aliyempenda kabla hajazaliwa. Tena Wabuddha hufundisha ya kuwa nafsi ya mtu si kitu chenye kudumu, na ya kuwa kuzaliwa hufuatwa na kuzaliwa tena, hata mtu atakapokuwa huru; Mkristu hungoja ufufuko. Tofauti hizi si ndogo, na mkatekumeni asidanganywe na yule asemaye ya kuwa dini zote ni neno moja.

Yuko padri mmoja aliyezijua tofauti hizi kuliko wengi, naye habari zake zinafungamana na nchi hii ya shaba. Jina lake ni Hugo Lassalle, Mjesuiti wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1898, akafika Japani mwaka 1929. Ili awafahamu watu aliotumwa kwao, mwaka 1943 aliketi pamoja na watawa katika hekalu la Zeni.

Wakati huohuo, upande wa Likasi, wafanyakazi wa Shinkolobwe walikuwa wakitoa jiwe zito lenye urani. Hawakuambiwa jiwe hilo linakwenda wapi. Lilivuka bahari hata Marekani, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika shimo hilo. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Padri Lassalle alikuwamo mjini. Alijeruhiwa, akapona.

Hakuondoka Japani. Mwaka 1948 alipokea uraia wa nchi ile na jina la Enomiya. Alijitahidi kujenga Hiroshima kanisa la kuombea amani, lililotabarukiwa mwaka 1954. Akaendelea pia na zazeni, chini ya walimu Wabuddha. Kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya Zeni kiliwatia mashaka wakubwa wake, akatakiwa anyamaze kwa kitambo; naye alitii. Kisha ukaja Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso ulitangaza ya kuwa Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na Ubuddha ukatajwa kwa jina. Mwaka 1969 Padri Lassalle alifungua nyumba ya kuketia kimya, karibu na Tokyo. Alikufa Ujerumani mwaka 1990, Mkristu na padri hata mwisho.

Mwaka 1989 Roma iliwaandikia maaskofu barua juu ya sala. Barua hiyo haikukataza kutumia namna za kuketi na kupumua zilizotoka Mashariki. Ilionya tu ya kuwa utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndiyo sala yenyewe, wala raha ya moyo isidhaniwe kuwa ndiyo neema.

Basi mkatekumeni afanye kazi na Mchina au Mjapani aketiye kimya, asimcheke, wala asikimbilie kusema ni uchawi. Amwulize kwa heshima, huenda akajibiwa. Naye mwenyewe akitaka kutuliza moyo uliochoshwa na kishindo cha malori, aingie kanisani mapema kabla ya Misa, afanye ishara ya msalaba, aketi wima, apumue polepole, akumbuke ya kuwa nabii Eliya hakumkuta Mungu katika upepo mkali wala katika tetemeko wala katika moto, bali katika sauti ndogo. Mawazo yakija, ayaache yapite. Kisha asali Baba Yetu, neno kwa neno, pasipo haraka.