Somo: Desturi ya mababu, au desturi ya Leta?



Somo la mara hii linahusu jambo linalosikika kila tunapozungumza juu ya kurudi nyumbani: nani ni mwenye udongo, na nani ni mgeni?

Katika baraza moja la usuluhishi, mzee mmoja alisimama akasema: "Mpaka wetu ni ule mto, tangu mababu." Mzee mwenzake akamwuliza: "Mbona mama mzaa baba yangu alilima ng'ambo zote mbili?" Watu wakanyamaza. Tulitafakari sana swali lile.

1. Mbele ya wakoloni

Tusidanganyane: zamani vita vilikuwako, na utumwa pia. Lakini mgeni alikuwa na njia ya kuwa mwenyeji. Kwa Washi, mtu aliyehitaji shamba alileta ng'ombe au mali nyingine kwa mwami au kwa mwakilishi wake, akapewa udongo ambao watoto wake waliweza kurithi. Mapatano hayo yaliitwa kalinzi. Aliyekosana na mwami wake aliweza kuhamia kwa mwingine.

2. Leta ilibadilisha nini?

Udongo. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Mfalme Leopold II iliamuru kwamba udongo usio na mtu ni mali ya Leta. Shamba lililopumzishwa na pori la kuwinda vilionekana kuwa vitupu, na kumbe wenyeji walivitumia. Mwaka wa 1925 ikaundwa Parc Albert, ambayo leo ni Virunga, na familia nyingi zikapoteza mashamba na malisho.

Uongozi. Wabelgiji walichukua nchi mwaka wa 1908. Amri ya mwaka wa 1910 ilimwandika kila mwanakijiji ndani ya sheferi. Ile ya 1933 ikapanga sheferi na sekta. Mwami akatumwa kuhesabu watu, kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi ya lazima. Aliyekataa aliweza kuondolewa. Hivyo heshima ya mwami ikachanganyika na hofu.

Kabila. Mtu alianza kujulikana kwa karatasi: kabila moja, chifu mmoja, mahali pamoja. Mtoto wa ndoa ya makabila mawili alilazimika kuandikwa upande mmoja.

Masikilizano. Kwa Walega, chama cha Bwami kilifundisha adabu na kusuluhisha ugomvi. Leta ilikikataza mwaka wa 1948. Yaliyopendeza Leta yaliitwa desturi. Yaliyoisumbua yaliitwa uasi.

3. Mfano wa Masisi

Wasemaji wa Kinyarwanda waliishi Rutshuru hata kabla ya mpaka wa Kongo na Rwanda kukatwa mwaka wa 1910. Lakini kati ya mwaka wa 1937 na 1955, Leta yenyewe ilileta maelfu ya familia kutoka Rwanda na kuziweka hasa Masisi, katika nchi ya Wahunde. Ilitaka kupunguza msongamano kule Rwanda, na mashamba ya wazungu yalihitaji wafanyakazi. Ikawapa hao waliofika sheferi yao, Gishari, kisha ikaivunja mwaka wa 1957.

Tuangalie vizuri. Mkulima Mhunde aliona udongo wa wazazi wake ukigawanywa. Mkulima aliyetoka Rwanda aliahidiwa shamba, kisha uongozi aliopewa ukafutwa. Wote wawili waliachiwa uchungu, na aliyepanga mambo hayo alirudi kwao.

4. Yanatuhusu nini leo?

Hatusemi mkoloni peke yake ndiye mwenye makosa. Silaha, madini, siasa na tamaa zetu wenyewe vimeongeza moto. Hata sheria ya udongo ya mwaka wa 1973 imeweka udongo wote mikononi mwa Leta, na mkulima asiye na karatasi bado ana mashaka.

Lakini tukifahamu kwamba mipaka mingine iliandikwa ofisini, hatutakubali kijana auawe kwa ajili yake kana kwamba mababu ndio waliomtuma. Na desturi iliyobadilishwa na watu inaweza kutengenezwa na watu. Kwa hiyo tunashauri:

- Kabla ya kurudi, wazee wa pande zote wakae pamoja waeleze nani alilima wapi, na kwa mapatano gani.
- Wamama na wajane wasikilizwe. Mara nyingi wao ndio wanaojua alama za shamba.
- Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi wa kila upande, na kila upande ubaki na nakala. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.
- Kiongozi asiuze wala kugawa shamba la aliyekimbia.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kijijini kwenu, mgeni alipokelewa namna gani zamani? Alitoa nini, na alipewa nini?
2. Ni desturi gani mnayoijua iliyoanzishwa au kukatazwa na Leta?
3. Desturi gani ya kupatanisha watu mngependa kuirudisha, na ipi inafaa kuachwa?

Wazee, msiyaache majibu hayo yapotee. Waambieni vijana wenu waliosoma wayaandike wakati ninyi mngali hai, maana siku ya kurudi yatatufaa kuliko maneno ya hasira.