Nenda na Kikapu, Orodha Uiache Nyumbani

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nilipiga muhuri vitabu vya watu katika maktaba za nyanda za chai. Tangu nistaafu nauza mboga za kienyeji kando ya barabara hapa Bomet, kitabu kikiwa mapajani kungoja wateja wapungue. Nilidhani nimebadilisha kazi. Kumbe maswali ya kibandani ni ndugu wa yale ya kaunta, na watu wanaonijua huyachanganya: aliyekuja kununua sagaa huondoka ameuliza habari za riwaya. Haya ni machache kati ya niliyoulizwa.

Swali: Chamgei, mama. Nimeletwa huku kikazi kutoka Nairobi, ambako nilizoea kununua chochote mwezi wowote. Hapa nianzie wapi? (Mwalimu mgeni, Bomet mjini)

Jibu: Chamgei mising, mwalimu, na karibu. Anza kwa kuichana orodha yako. Anayefika sokoni na orodha huona kilichokosekana. Mwenye kikapu kitupu huona kilicholetwa. Bomet inakufaa kwa zoezi hilo kwa sababu kaunti yenyewe imeinama. Upande wa Konoin na kuelekea msitu wa Mau kuna baridi na mvua, na ndiko kwenye chai, kabichi na viazi. Ukiteremka kwenda Sigor na Chebunyo hewa inakauka, na shamba linapendelea viazi vitamu, mtama na ng'ombe. Mahindi ya chini hukomaa mapema kuliko ya juu kwa sababu ya joto, kwa hiyo msimu mmoja hutufikia mara mbili.

Kuanzia Machi, mvua ndefu zikishakolea, managu na sagaa huota hata pasipopandwa, na fungu la bei ileile hunona. Katikati ya mwaka ni mahindi mabichi ya kuchoma, na viazi vipya ambavyo ganda lake unalivua kwa kidole gumba. Mananasi ya upande wa Roret, kule Kericho, utayanusa kabla hujayaona. Januari na Februari jua hukaza. Walio karibu na mto Nyangores humwagilia, ndio wenye mboga, na bei yake wanaijua vizuri. Mwezi wa kuniepuka mimi ni ule wa bonasi ya chai. Pesa za wakulima zikishaingia, mji mzima unakula nyama na sagaa yangu inalala.

Swali: Mboga za msimu ni tamu kweli, au ni maneno ya wazee? (Kijana wa bodaboda, Silibwet)

Jibu: Jaribu mwenyewe, kijana wangu. Chuma hindi bichi saa kumi, lichome saa kumi na nusu. Lingine liache mpaka kesho kutwa. Sukari iliyo ndani ya punje huanza kugeuka wanga mara tu hindi linapovunjwa kwenye bua, na ulimi unalijua hilo bila kufundishwa. Managu na sagaa nazo zina majani membamba yasiyovumilia safari. Zikifika mchana zimelala kama nguo iliyofuliwa. Na mmea ukishaona ukame huharakisha kutoa maua, jani likaingia uchungu.

Uchungu wenyewe sisi hatuukimbii, tunauongoza. Sagaa ichambue jani kwa jani, uichemshe, umwage maji ya kwanza ikiwa uchungu umezidi, kisha uirudishe chunguni na maziwa. Usiile siku hiyo. Iache ilale, kesho uipashe uongeze maziwa mengine kidogo, na kesho kutwa vilevile ikiwa watu wa nyumbani hawajaimaliza kwa siri. Siku ya pili ndipo maziwa na jani vinapoacha kubishana. Wengine hutia magadi ili iive upesi. Itaiva, na rangi itang'aa, lakini vitamini hupotea njiani. Nami sina haraka hiyo. Ukingoja mboga ilainike taratibu unapata kurasa thelathini.

Swali: Kogo, kila kitu kiko kwenye simu. Maktaba ni ya nini tena? (Mwanafunzi, Longisa)

Jibu: Simu hukujibu ulichouliza, mjukuu wangu. Maktaba hukuonyesha jirani wa ulichouliza. Vitabu vingi ulivyowahi kuona rafuni vimepangwa kwa namba alizozibuni Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Nenda 635, utakuta bustani na mboga. Hatua chache mbele, 641, ni chakula na mapishi. Shamba na jiko viko kwenye ukuta mmoja. Unaingia kutafuta dawa ya viwavi, unatoka na namna ya kupika kunde. Nimeliona likitokea mara nyingi mno kuliita bahati.

Kuna kitabu kimoja ambacho wakulima wetu walikuwa wakikifungua kama albamu ya familia: orodha ya mimea ya asili inayoliwa Kenya, iliyoandaliwa na Patrick Maundu na wenzake na kutolewa na Makavazi ya Kitaifa mwaka 1999. Mzee ataona mchoro wa jani alilochuma akiwa mtoto machungani, ataita jina lake kwa Kipsigis, kisha atanyamaza kidogo. Na ukitaka kujua tulitoka wapi, mtafute Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa huku kwetu, aliyeandika historia simulizi ya Wakipsigis mwaka 1979.

Lakini nisikudanganye kwamba rafu hujibu yote. Nyumbani kwenu Longisa, Septemba 2011, ndipo ugonjwa wa kuua mahindi uliporipotiwa kwa mara ya kwanza nchini: virusi viwili vinavyoshirikiana, jani linapauka, hindi linakauka kabla ya punje kujaa. Ukienda 633 kwenye mahindi siku zile, vitabu vilikuwa na magonjwa ya zamani tu, maana huo ulikuwa mgeni hata kwa watafiti wa hapa nchini. Kitabu nacho hukomaa kwa wakati wake. Shamba lilitangulia, waandishi wakafuata.

Swali: Maktaba ya umma ni ya nani hasa, serikali kuu au kaunti? (Mwanakijiji, Merigi)

Jibu: Huduma ya Maktaba ya Kitaifa iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na matawi yake yalisambaa hadi Kericho na hapa Silibwet. Katiba ya 2010 ikaziweka maktaba kwenye majukumu ya kaunti, pamoja na mambo mengine ya utamaduni na burudani. Kwa hiyo mwakilishi wenu wa wadi akija kuomba kura, muulizeni barabara, muulizeni maji, halafu muulizeni na vitabu. Wengi hawajawahi kuulizwa, utaona uso.

Swali: Madam, kwa nini mlikuwa mnatupa wiki mbili tu za kukaa na kitabu? Mtu ana ng'ombe, ana chai ya kuchuma, ana watoto. (Mama, Tegat)

Jibu: Mama, nimekaa upande wa pili wa kaunta na lawama hiyo miaka mingi, na kwa muda nilikubaliana nawe kimoyomoyo. Kilichonibadilisha mawazo ni kabati langu mwenyewe. Nina riwaya nilizonunua kwa pesa zangu. Ziko pale, safi, nyingine bado zinanuka duka. Ni zangu, hazina pa kwenda, ndiyo maana sizisomi. Lakini *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, niliisoma kwa usiku tatu kwa taa ya mafuta kwa sababu msichana wa shule alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama imerudi. Nilikuwa nasoma nikisikia hatua zake mlangoni.

Sagaa ina tabia hiyohiyo. Tangu kupanda hadi kuchuma kwa mara ya kwanza ni kama wiki tano au sita, na tangu hapo lazima uchume kila baada ya siku chache, ukivunja ncha ili itoe matawi ya pembeni. Ukisema utachuma ukipata nafasi, itatoa maua, na hiyo nafasi ukiipata utakuta mbegu. Mboga inakudai. Kitabu cha maktaba nacho kinakudai. Ule muhuri wa tarehe uliokuwa ukikukera, kwangu mimi ndio uliokuwa ukikisomesha kitabu.

Kuhusu ng'ombe na chai: wanaochuma chai asubuhi wanajua ule muda wa kungoja lori la kiwanda kituoni, majani yameshapimwa au foleni haijasogea. Nimeona kitabu kikisomwa pale kwa zamu, mmoja akisoma kwa sauti, wengine wakitoa majani makavu kwenye vikapu. Mwenye kadi alikuwa mmoja. Wasomaji sikuwahesabu.

Swali: Mtoto wangu wa miaka saba hataki managu na hataki kusoma. Nianze na kipi? (Baba, Sotik)

Jibu: Anza na vitunda vidogo vya managu. Vikiiva vikawa vyeusi au rangi ya chungwa kulingana na aina, mpeleke shambani avile palepale hadi midomo ibadilike rangi. Vya kijani asiguse, vina sumu. Akishakuwa rafiki wa tunda, jani litafuata. Maktabani mwachie achague mwenyewe, hata akichagua kwa jalada, hata akichagua kitabu kilekile mara nne. Wazazi waliokuwa wakinikasirisha ni wale waliomnyang'anya mtoto kitabu cha sungura na kumkabidhi cha hesabu.

Swali: Mama, nina aibu. Nilikuwa nasoma jikoni, mursik ikamwagikia kitabu cha maktaba. Nifanye nini? (Jina limebanwa, Kapkwen)

Jibu: Pole. Usikianike juani, kitajikunja kama ukoko. Usikipige pasi. Maziwa ni mabaya kuliko chai kwa sababu ya mafuta: yakibaki, ukungu utakuja na harufu haitatoka. Chukua kitambaa safi chenye unyevu kidogo, uguseguse bila kusugua, ukurasa mmoja mmoja. Tia karatasi nyeupe zinazonyonya maji katikati ya kurasa, uzibadilishe zikilowa. Kisha kisimamishe wima, kimefunguka kama feni, mahali penye upepo na kivuli. Gazeti usitumie, wino wake utahamia. Zile chembe nyeusi za mursik ni mkaa wa mti wa senetwet unaopakwa ndani ya kibuyu. Zisubiri zikauke ndipo uzipanguse kwa brashi laini, ukizisugua zikiwa mbichi umeandika.

Kikikauka, kipeleke mwenyewe na useme kilichotokea kabla hujaulizwa. Huenda ukalipa kidogo. Wala usimsingizie mtoto. Duara la kibuyu cha mtu mzima tunalitambua kwa upana wake.