Maelezo ya Zana za Akili Mnemba: Funzo la Unga wa Muhogo

Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma, mama amtumaye mwanawe kuleta unga wa muhogo hahitaji kueleza mengi. Mtoto anajua unga umewekwa wapi, na mama anajua muhogo wenyewe ulitoka shamba gani. Kompyuta haina ujuzi huo. Ikitumwa, yapasa iandikiwe hata yale ambayo watu hawayasemi.

1. Zana ni nini?

Programu ya akili mnemba ipewapo uwezo wa kutenda kazi hatua kwa hatua kwa niaba ya mtu huitwa wakala. Wakala hufikia hazina ya mapishi kwa kupitia kiolesura, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuomba huduma kwa programu nyingine. Kila huduma itolewayo mlangoni hapo ni zana. Zana ina jina, maelezo, na vigezo, ambavyo ni nafasi za kujazwa kabla ya ombi kupelekwa. Kwa kawaida wakala haoni namna zana ilivyoundwa kwa ndani. Huona maneno hayo tu. Maneno yakipungua, hubahatisha.

2. Kwa nini kubahatisha ni hatari?

Muhogo una linamarini, kemikali ambayo hutoa sumu ya sianidi seli za mzizi zinapopasuka. Muhogo mchungu huwa nayo nyingi kuliko mtamu, na ukame huizidisha. Mizizi ikimenywa na kuanikwa tu kuwa makopa, sehemu kubwa ya sumu yaweza kubaki katika unga. Watu walao unga huo kwa majuma mengi, huku wakikosa protini ya kutosha, waweza kupatwa na konzo, ugonjwa upoozeshao miguu ghafla na usio na tiba. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliripotiwa pia katika Wilaya ya Mtwara.

Kinga moja iliyoenezwa ni njia ya kulowesha, iliyobuniwa na mwanakemia Howard Bradbury wa Australia. Unga huchanganywa na maji, kisha hutandazwa katika tabaka lisilozidi unene wa sentimita 1, kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi hutoka kama gesi. Unga hupikwa siku hiyo hiyo.

3. Maelezo mabaya na maelezo bora

Chukulia kwamba wanafunzi wameunda hazina ya mapishi na kuandika hivi:

"Pishi_muhogo. Hutoa mapishi ya muhogo. Vigezo: aina, kiasi, muda."

"Aina" ni ya muhogo au ya pishi? "Kiasi" ni kilo, kibaba au kikombe? Na "saa 2" ni muda wa dakika 120, au ni saa mbili asubuhi? Yafuatayo ni bora:

"Tafuta_pishi_la_unga_wa_muhogo. Hutafuta pishi moja la ugali au uji wa unga mkavu wa muhogo. Usiitumie kwa muhogo mbichi wala kisamvu. Vigezo: asili_ya_unga ('mtamu', 'mchungu' au 'haijulikani'), kiasi_gramu (namba nzima), muda_dakika (muda alio nao mpishi, si saa ya siku). Mpishi asipotaja asili ya unga, muulize; asipojua, jaza 'haijulikani'. Kwa unga mchungu au usiojulikana, jibu huanza na kulowesha. Usiondoe hatua hiyo hata mpishi akiwa na haraka. Pishi lisipopatikana, orodha hurudi tupu. Mwambie hivyo, wala usitunge pishi."

Maelezo haya yanataja kazi ya zana, mipaka yake, vipimo, la kufanya jambo lisipojulikana, na maana ya jibu tupu. Hata hivyo, maelezo si kufuli. Wakala aweza kuyakiuka. Kwa hiyo programu yenyewe yapasa kukataa kutoa pishi la unga mchungu lisilo na hatua ya kulowesha.

4. Zoezi

Mwalimu awagawe wanafunzi katika makundi mawili. Kundi la kwanza liandike maelezo ya zana itafutayo mapishi ya korosho, likikumbuka kwamba ganda la korosho ghafi lina mafuta yaunguzayo ngozi. Kundi la pili lijaze vigezo kwa kusoma maelezo hayo tu, bila kuuliza swali, kwa ajili ya mpishi asemaye: "Nina kikapu cha korosho, nataka kukaanga upesi." Kila mahali kundi la pili litakapobahatisha, kundi la kwanza liongeze sentensi inayokosekana.