Kichwa cha nyoka na chakula chake shambani

Mahindi ya masika yakiingia ghalani, panya huyafuata, na nyoka huwafuata panya. Ndiyo maana msimu huu wa mavuno nyoka huonekana sana, na wengi wetu humuua kila tunayemwona. Mkulima, nyoka wanaoishi shamba moja hawali chakula kimoja, na kichwa cha kila mmoja kimeumbwa kulingana na riziki yake.

Nyoka hatafuni, humeza windo zima. Mifupa ya taya lake la chini haikushikana kidevuni. Imeunganishwa kwa kano zinazovutika. Kifutu ana kichwa kipana chenye tezi kubwa za sumu na meno marefu yanayokunjika, hivyo humudu panya mnene. Nyoka mla mayai ana kichwa kidogo, na meno karibu hana. Yai hupasuliwa kooni na miiba ya uti wa mgongo, kisha ganda hutemwa. Nyanda za juu yupo nyoka mdogo mwenye kichwa chembamba, anayekula konokono wasio na gamba, wale wanaotoboa kabichi zako. Nyoka kipofu, mwenye kichwa butu cha kupenya udongo, hula mchwa na watoto wa sisimizi.

Lakini usipime sumu kwa umbo la kichwa. Koboko na swila wana vichwa vyembamba, na sumu yao inaua. Mla mayai, asiye na sumu kabisa, akitishwa hutanua kichwa afanane na kifutu. Kwa hiyo usimshike nyoka yeyote.

Ya kufanya sasa:

- Kausha mahindi vizuri, yahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au kihenge cha bati, na fagia punje zilizomwagika. Panya wakikosa chakula, kifutu hana cha kumleta nyumbani.
- Okota mayai kila jioni.
- Fyeka nyasi na ondoa marundo ya mabua karibu na nyumba.
- Vaa buti, na usiku tembea na tochi. Kifutu hutulia njiani badala ya kukimbia.

Mtu akiumwa, msichanje, msinyonye jeraha wala msimfunge kamba. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na mpelekeni hospitali mara moja.

Mbali na nyumba, mwache nyoka aende zake. Kila panya anayemezwa shambani ni mbegu zilizosalimika.