Kufundisha Kazi ya Ini dhidi ya Mchango

Hapa pwani, kuanzia Mapinga hadi Bagamoyo mjini, neno mchango lina maana mbili: mnyoo wa tumboni, na maumivu ya tumbo ya namna nyingi. Mwalimu hana budi kuzitenganisha maana hizo kabla ya kuandika lolote ubaoni. Somo letu lahusu mnyoo mviringo, askarisi, ambaye jike lake huweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku.

Ni rahisi mwanafunzi kudhani kwamba mnyoo huyu hukaa utumboni maisha yake yote. Sivyo. Yai lililokomaa udongoni, likimezwa pamoja na embe lisilooshwa, huanguliwa utumboni. Lava hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kufikishwa kwenye ini. Huko zimo chembe za Kupffer, zilizopewa jina la Mjerumani Karl Wilhelm von Kupffer aliyezieleza mwaka 1876. Hukaa ndani ya mishipa midogo ya ini, zikimeza bakteria na takataka zitokazo utumboni.

Wako wanaolifananisha ini na kifumbu cha kuchujia tui. Mfano huo hatuupendi sana. Kifumbu huzuia kwa udogo wa matundu yake tu, lakini ini hutambua na kushambulia. Tena lava ana urefu wa karibu robo ya milimita, hivyo chembe moja haiwezi kummeza. Ndipo huitwa chembe nyeupe za damu, hasa eosinofili, zikamzingira kwa wingi. Katika ini la nguruwe aliyeambukizwa, mapambano hayo huacha mabaka meupe yaonekanayo kwa macho. Hata hivyo, lava wengine huponyoka, hupita mapafuni, hupanda hadi kooni na kumezwa tena, kisha hukomaa utumboni.

Somo hili lifanyiwe uwanjani. Chora kwa majivu utumbo, ini, mapafu na koo. Wanafunzi watatu wawe lava. Mwanafunzi mmoja ajaribu kuwazuia katika ini peke yake. Akishindwa, waje wanane walioshikana mikono. Lakini lava mmoja aachwe apite, maana darasa likiona ini linashinda daima, halitaelewa kwa nini watu huugua.

Kisha uliza: mtoto aliyemeza leo kidonge cha albendazole cha miligramu 400, naye akala embe chafu wiki ijayo, je, amekingika? Wakijibu ndiyo, warudishe uwanjani. Kidonge huua minyoo waliomo utumboni wakati ule. Hakiongezi walinzi katika ini.